Ndoana Hakatwi

Shanwe, Mpanda
Februari, 1976

Kwa kaka yangu mpendwa Gervas,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakubana kimekuachia. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na wifi yangu ameshajifungua au bado tunasubiri? Mimi huku ni mzima, tatizo langu ni sukari tu, imeadimika mpaka tumezoea kunywa chai kavu. Mvua zimeikata barabara ya kuja Ikola na lori la samaki halijaonekana, kwa hiyo barua hii nampa katekista anayekuja huko na baiskeli, ambayo nadhani ataibeba yeye zaidi ya kubebwa. Mpe maji, mpe ugali, kisha ukae chini usome mpaka mwisho, maana leo nina maneno.

Umeniuliza habari za yule paka mtoto uliyeniletea ndani ya kikapu cha dagaa. Ukasema nije naye Pasaka umkate ncha za masikio kabla hajakomaa, kama unavyowakata paka wako wote, ili umande umwingie masikioni, achukie pori, atulie nyumbani. Hilo nitakujibu. Kwanza ujue yaliyompata.

Wale samaki kuhe wa kukausha uliotuletea na lori la mwisho walikuwa wazuri, asante sana. Lakini mmoja wao alikukatia mshipi, na wewe kwa haraka zako ukamkausha na ndoana yake kooni. Najua mnavyosema huko, kwamba mla kichwa ni mtu mzima, atatema mwenyewe. Paka hajui kutema. Nilimpa kile kichwa nikaendelea kuosha vyombo, niliposikia anakohoa nikageuka nikakuta kipande cha mshipi kinaning'inia mdomoni mwake.

Aliyekimbia kumtafuta daktari wa mifugo ni Mama Susana, yule Mkanada ninayempikia, ambaye mumewe anachimba visima. Simnyimi haki yake. Daktari alimpasua paka juu ya meza yangu ya kukandia unga, Mama Susana ameshika tochi huku machozi yanamtiririka. Ndoana ilitoka tumboni, ndogo, na fundo la mshipi ni lako kabisa, nalijua. Tangu siku ile paka anaitwa Ndoana.

Kumuuguza ndiko kulikonitoa jasho. Nilimlaza kwenye boksi karibu na jiko. Nilichana upande wa kanga yangu ya zamani nikamfunga tumbo ili asirambe nyuzi, akaufungua, nikamfunga tena. Maji na mchuzi nilimdondoshea kwa kijiko pembeni mwa mdomo, na mengi yalimwagikia kifuani kwake. Alikuwa amelegea kabisa. Nikimpakata, miguu yake inaning'inia tu, haishiki kitu. Nilishaanza kuangalia mahali pa kumzika, kaka, nyuma ya migomba. Halafu asubuhi moja nikawa namsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, ghafla akatoa kucha zote akazizamisha kwenye mkono wangu. Damu ilitoka. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu, kwa sababu nilijua sasa amerudi.

Kucha hizohizo ndizo zilizoleta ugomvi. Alipopata nguvu akaanza kuparura viti vya sebuleni, vile vya kitambaa vilivyoletwa kwa treni, na Mama Susana anavipenda kama watoto. Akaniambia daktari akija kutoa nyuzi, amtoe na kucha kabisa. Kwao wengi wanafanya hivyo, anasema, na paka wanaishi raha mustarehe juu ya makochi. Mimi nilidhani anasema habari ya kupunguza kucha kwa mkasi, nikaitikia vizuri tu.

Daktari alipokuja ndiye aliyenifumbua macho. Alinishika kidole, akabonyeza kiungo cha mwisho, pale chini ya ukucha.

"Si kupunguza kucha, mama. Ni kukata hapa. Vidole vyote vya mbele."

Akasema yeye kazi hiyo ameisoma na anaweza kuifanya, ila kwanza anataka kusikia neno la mwenye paka. Mama Susana akaanza kueleza, viti, usafi, mtoto wa jirani anayekuja kucheza. Nikamkatiza. Nikasema hapana. Nikasema huyu mnyama alikuwa anakufa na kitu cha kwanza alichokumbuka kukitumia ni kucha zake, halafu leo tumnyang'anye kwa ajili ya kiti. Uso wa Mama Susana ukawa mwekundu. Unakumbuka alikuja Ikola kuogelea, mkampokea, akawaona paka wako.

"Na nyie je?" akaniuliza. "Kaka yako anawakata masikio. Mimi nimeona."

Hapo alinibana, kaka. Daktari alikuwa ananitazama, paka yuko mapajani kwangu. Ningeweza kukutetea. Ningeweza kusema ni desturi yetu na yeye haimhusu. Yalinifika mdomoni nikayameza, kwa sababu ningekutetea wewe ningekuwa nimemruhusu yeye.

"Kaka yangu anakosea," nikasema. "Na wewe unakosea. Paka ni wangu, hakatwi."

Nilikusema hivyo mbele ya wageni, wewe uliyenilea baba alipofariki, na sijutii.

Daktari alitoa nyuzi zake akaenda. Mama Susana akasema basi paka huyo asilale tena nyumbani kwake. Nikafunga vitu vyangu nikahamia huku Shanwe, chumba kimoja kwa mjane anayeuza maandazi. Watu wananicheka kwamba mtu mzima ameacha nyumba ya bati yenye bomba mlangoni kwa ajili ya paka. Wacheke. Kazini bado naenda. Mama Susana hajanifukuza, wala sijamwomba msamaha. Asubuhi tunasalimiana vizuri mno, kama watu waliogombana. Jana aliniuliza kwa sauti ndogo kama kidonda kimekauka, nikamwambia kimekauka, manyoya yameanza kuota. Akageukia dirishani.

Sasa wewe. Najua utasema paka mwenye masikio mazima atakimbilia porini awe shume. Ndoana hulala huku mlango ukiwa wazi. Hutoka, huzunguka, na hurudi akalala miguuni kwangu, ameleta panya au hakuleta. Anarudi kwa sababu ametaka. Siku asipotaka nitalia, sikufichi, lakini afadhali nilie kuliko kumweka nyumbani kwa kumharibu.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua miguu nimeipata nitakuja nayo. Nisalimie wifi yangu, na huyo mtoto kama ameshafika. Mjomba fundi mitumbwi mwambie shati lake naendelea kulishona. Jirani yetu mzee Pius, anayekuletea paka wake uwakate, msomee barua hii kwa sauti.

Barabara ikipitika nitakuja Pasaka, na Ndoana atakuja kwenye kikapu kilekile. Atashuka kwenye lori na masikio mawili, na atapanda lori na masikio mawili. Ukinikasirikia, nikasirikie nikiwa nimeshakaa na nimeshakula. Kisu chako kiache kwenye samaki, na kabla ya kumkausha, mfungue kinywa utazame.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika