Dawa Iliyomkausha Babu Yako Mate

Mbukwa, Neema mjukuu wangu. Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mlali uwele umeshika vizuri, na shangazi yako amejifungua binti mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Umeniuliza inakuwaje asetilikolini ileile, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, ipunguze mapigo ya moyo na papo hapo izidishe mate. Nilipokuwa nesi kijana kule Chemba, babu yako, ambaye tulikuwa hatujajuana, aliletwa zahanati na mama yake baada ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe bila kujikinga. Mate na machozi yalimtiririka, kifua kilikoroma, moyo ulipiga polepole mno. Dawa ya kupe ilizuia asetilikolini isivunjwe, ikawa imemzidi mwilini. Ila kila kiungo huitikia kwa kipokezi chake: M2 cha moyo hupunguza mwendo, M3 cha tezi hufungulia maji.

Daktari akasema, "Mpe atropini, turudie mpaka kifua kikauke."

Nikachoma, nikasubiri, nikachoma tena. Dawa ile huviziba vipokezi vyote viwili, basi moyo ukaanza kukimbia, kifua kikanyamaza, mate yakakatika.

Alipoweza kusema alinikodolea mboni zilizopanuka. "Dada nesi, mdomo umekauka kama Chemba ya kiangazi. Ukinipa maji, nitakuoa."

Mama yake akapiga vigelegele. Mimi nikacheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikaenda kumletea maji.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye sana.