Kioo Kinachoonekana Juani

Ipagala, Dodoma

Mjukuu wangu Selemani,

Marahaba. Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Bibi yako ni mzima, na mtama tumeshavuna.

Umeomba kioo cha kompyuta yangu ngumu, ile isiyoharibika hata ikianguka, ukifunge kwenye hiyo uliyonunua kuukuu, kwa sababu chako hakionekani juani unapopima mashamba. Diski na memori ulizobadilisha mwenyewe nimesikia habari zake. Umefanya kazi safi.

Nilipokuwa kijana kule Kondoa, kaka yangu Hamisi alimwomba baba spika ya redio ya nyumbani aifunge kwenye redio yake. Baba akampa. Hamisi akaenda nayo Kibaigwa, alikokuwa akipakia mahindi, na wapakiaji wenzake wakaisifu sana. Baba hakulalamika. Kila jioni alikwenda kusikiliza habari kwa jirani, mpaka mama akamtania, "Mzee, huko umeoa?"

"Nimeoa redio," akajibu.

Hamisi aliporudi likizo akasimuliwa hayo, alicheka. Alipoondoka aliiacha redio yake mezani. Nadhani baba angempa spika hata kama angeulizwa kwanza yeye atasikilizia nini, ila hakuulizwa.

Nawe hukuniuliza. Macho yangu yamepungua nguvu, kwa hiyo husomea barazani penye mwanga mkali, na kioo cha kawaida hapo hakionyeshi kitu. Lakini wewe unakihitaji kwa kazi, nami sijakataa. Nitazungumza na bibi yako, na tukishaamua nitakuandikia.

Babu yako