Homa Baada ya Kitanzi

Olasiti, 4 Machi 2024

Yeyo, mama yangu, shikamoo. Watoto wazima, wanakula. Mimi najikaza tu. Nakuandikia kwa sababu simu yangu huisoma mume wangu Loishiye.

Mwezi uliopita niliwekwa kitanzi zahanati. Watoto wanne wanatosha, na yeye alikubali. Wiki mbili baadaye nikaanza kuumwa chini ya kitovu, na homa, na uchafu wenye harufu. Hata kufua siwezi. Mama mkwe anasema kitanzi kimeniozea ndani. Nifanyeje?

Mwanao, Nashipae

Olmotonyi, 7 Machi

Nashipae, marahaba. Huku mvua imeanza, mgongo ni ule ule. Barua yako imeninyima raha. Nenda wakakitoe. Kina mama wa kanisani wanasema vitu hivyo vinaharibu kizazi. Usingoje homa ishuke yenyewe.

Mama yako

Olasiti, 16 Machi

Yeyo, shikamoo. Pole na mgongo.

Nilienda. Nesi anaitwa Tabea. Alinipima, akanichoma sindano, akanipa vidonge vya wiki mbili. Siku ya tatu homa ikashuka, kwa hiyo kitanzi kimebaki.

Akaniambia taratibu, "Kitanzi hakikuzaa ugonjwa. Ulikuwepo mlangoni mwa kizazi, tulipokiweka ukapanda juu. Tulipaswa kukupima kwanza."

Nikauliza umetoka wapi. Akauliza nina wanaume wangapi. Nikasema mmoja. Basi akaandika karatasi, Loishiye naye aende kutibiwa.

Nilimpa. Aliikunja, akaenda kazini. Mama yake bado anasema nitoe kitanzi, yaishe. Sina nguvu ya kubishana.

Mwanao, Nashipae

Olmotonyi, 22 Machi

Nashipae, marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi.

Nilipokuwa nakunyonyesha nilipata homa hiyo hiyo, na tumbo hilo hilo. Baba yako alikuwa anaendesha lori, anarudi mara moja kwa mwezi. Sikwenda popote, nilikunywa dawa za miti nikanyamaza. Sikupata mtoto mwingine. Ukoo wake ukasema nimejifunga kizazi, na mimi miaka thelathini nikaamini nilimkosea Mungu.

Sikuwa na kitanzi, mwanangu.

Baba yako sijamwambia. Amezeeka, na mimi nimechoka. Wewe wako mwambie. Maliza vidonge, na asikuguse mpaka naye amalize vyake. Akikataa, njoo na watoto. Chumba cha nyuma nimekifagia leo.

Mama yako