Suti ya Kuzamia

Utende, Mafia

Kaka Sudi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mbuzi wa mama kala mwani wangu wote niliouanika, na mama kacheka tu. Anasema sitauhitaji tena.

Kazi ya kuzamia hifadhini nimeachishwa, maana mwali hapigwi jua. Bi Chiku, kungwi wangu, ananisugua singo na kunifunza kutembea kike. Nikishindwa ananifinya.

Unaikumbuka suti ya mpira niliyopewa kazini? Nikiivaa, wageni walikuwa wakiniita kijana wa kiume, nami sikuwasahihisha. Kaka, ndivyo nilivyo tangu utotoni. Mle ndani tu ndimo nilimopumua. Hili sijamwambia mtu mwingine.

Jana nilimwomba Bi Chiku aniletee suti yangu, walau niishike. Kaileta, kaitandika sakafuni. Sasa ndiyo ninayokalia nikisuguliwa, singo isichafue mkeka.

Baba hayupo, walii wangu ni wewe. Bila idhini yako ndoa haifungwi. Mama anasema umeshakubali kwa simu. Nikajisemea moyoni, kaka alikubali kwa kuwa hajui.

Sasa unajua.

Mdogo wako,
anayeitwa Shamsa