Friza Yetu Inayosalimia Watu

Ijumaa, Isiolo. Upepo haujatulia tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai, na mimi pia sijatulia. Nimefika nyumbani mapema, nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa. Nimebandika maji ya ugali, nikayaepua kabla hayajachemka. Acha niandike. Labda mikono ikipata kazi kichwa kitanyamaza.

Nimeiacha friza ikiwaka.

Kwa wasionijua: mimi ni karani katika chumba cha maziwa ya ngamia hapa mjini, upande wa Wabera. Maziwa yanatoka Kulamawe na kwingineko kwa mitungi, yanafika mchana, tunayapima, tunayapanga kwenye friza zetu tatu, na asubuhi yanapanda basi la Nairobi. Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Habiba. Rukia ndiye anayeshika maziwa yenyewe na kuosha chumba jioni. Rukia ni rafiki yangu kuliko wote hapa mjini, na mama yake ni mmoja wa wanaotuletea maziwa kutoka Kulamawe.

Sasa, friza ya katikati inasalimia. Hivyo ndivyo tunavyosema. Ukiigusa na mikono yenye maji inakutekenya kwenye vidole, inapanda hadi kiwiko, halafu inakuachilia. Mgeni akiruka tunacheka mpaka tunashika mbavu, tunamwambia imekusalimia, itikia. Mama Habiba huifunga kwa ncha ya shuka lake. Mimi huifungua kwa leso. Kila mtu ana mbinu yake, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Juzi nilipelekwa mafunzo. Mnunuzi wetu wa Nairobi alitaka kila kituo kiwe na mtu mmoja anayejua usalama wa umeme kazini, nami nikachaguliwa kwa sababu, kwa maneno ya Mama Habiba, karani kazi yake ni kukaa tu. Nilienda kwa ajili ya pilau, sitaficha. Mwalimu alikuwa kijana mpole anaitwa Mutwiri. Alituuliza ni nani kazini kwake kuna mashine inayomshika kidogo kidogo. Karibu ukumbi mzima tulinyoosha mikono, tukicheka.

Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, akasema stima inayokushika kidogo imeshatoka kwenye waya wake na inatafuta njia ya kushuka ardhini, na njia yenyewe ni wewe. Leo umekauka, unaona ni mchezo. Siku umelowa, umesimama pekupeku juu ya saruji yenye maji, haitakuachilia.

Pekupeku. Saruji yenye maji.

Niliacha kula.

Chumbani kwetu hakuna anayeingia na viatu. Ni heshima ya maziwa. Nje kuna vumbi na kinyesi cha mbuzi wanaopitishwa kwenda mnadani, kwa hivyo viatu vinabaki mlangoni, hata vya bwana afya, na sote tunaingia miguu mitupu. Wageni hutusifu kwa usafi huo. Na sakafu haikauki kamwe, kwa sababu Rukia hajui kuosha kitu bila kumwaga ndoo nzima.

Leo asubuhi nikafanya ukaguzi, na testa yangu mpya ya kupimia stima na bisibisi, mtu angeniona angedhani nimesomea. Niligusisha testa kwenye mwili wa friza ya katikati, ikawaka taa. Nikachomoa plagi, nikaifungua. Waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, ule ambao Mutwiri alisema ndio unaobeba stima iliyopotea ili usiibebe wewe, ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni.

Nikakumbuka. Mwaka jana swichi kubwa ya ukutani ilikuwa ikijiangusha yenyewe kila friza hii ikiwashwa. Maziwa yanachacha, tunalaumiana. Akaja fundi mmoja, akakata kitu ndani ya plagi, na swichi ikatulia. Tulimshukuru sana yule mtu. Tulimpa soda, na maziwa ya kupelekea watoto. Kumbe swichi ilikuwa inatupigia kelele kwamba friza ni mbovu ndani, na sisi tukamleta mtu aizibe mdomo.

Nikatundika ile kadi nyekundu tuliyopewa, imeandikwa HATARI, USIWASHE. Nikaenda nje kumweleza Mama Habiba. Tulipoingia pamoja tukamkuta Rukia anajipepea na ile kadi.

"Naa Kinya," Mama Habiba akaniambia, naa yaani we mwanamke, "hii friza iko hivi siku zote. Nani amekufa?"

Hakuna, nikamwambia.

"Maziwa iko njiani. Hizi mbili zingine hazitoshi. Zima ukitaka, lakini wewe ndio utasimama hapo mlangoni uambie wamama maziwa yao imeharibika juu ya masomo ya siku moja."

Ninawajua hao akina mama. Wanatembea na mitungi hadi barabarani wakati bado kuna baridi, wanasubiri gari juani. Maziwa yakichacha mnunuzi wa Nairobi hayataki, na anayeumia si karani. Kwa hivyo nikaanza kupatana, na hapo ndipo nilipopotea. Nikasema basi fundi aje Jumatatu, fundi wa kweli, na hadi hapo tuingie na viatu.

Friza mbovu Mama Habiba aliweza kuistahimili. Viatu, hapana. Aliniangalia kwa namna ambayo bado inaniwasha. Ikabidi niende dukani ninunue ndara mpya za buluu ambazo hazijawahi kukanyaga chini, niziingize zikiwa kwenye mfuko, na yeye azikague nyayo moja moja kabla ya kukubali. Kadi nyekundu akaitia kwenye droo, mtu wa mnunuzi asije akaiona. Rukia akavaa ndara, akatembea nazo kwa maringo huku na huku, tukacheka. Maziwa yakafika, nikachomeka tena plagi, tukayapanga, friza ya katikati ikajaa. Nikatoka kazini nikijiona mwerevu.

Ule werevu ulinifikisha hapa mlangoni tu.

Kwa sababu Mutwiri alisema hivi, na nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe: viatu si dawa. Kifaa kibovu kinaondolewa kazini. Mimi nimekiacha kazini, nikawavalisha watu ndara.

Najiuliza kwa nini nilikubali. Nikisema ni kwa ajili ya akina mama wa Kulamawe ninajidanganya. Niliogopa Mama Habiba. Niliogopa kuitwa mtu aliyeenda semina siku moja akarudi bosi. Nimekaa hapa mjini miaka, Mmeru kati ya Waborana na Wasomali, nimependwa, nimeitwa abaayo kama dada yao, na sikutaka kuwa yule mtu wa kuwasumbua. Yaani mtu apigwe na stima kwa sababu mimi ninaona haya?

Saa hizi Rukia anaosha chumba. Anamwaga maji, anafuta friza kwa kitambaa, anajiimbia. Nimempigia, hashiki. Huwa hashiki akiwa na sabuni mikononi. Nimempigia tena. Nimesimama, nimekaa. Upepo umepiga mabati nikaruka.

Siwezi. Naenda.

*

Nimerudi. Adhana ya magharibi imeisha sasa hivi. Ninaandika haraka, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe.

Mtu wa boda alinifikisha haraka. Nilimkuta Rukia mzima, katikati ya chumba, maji kila mahali, na miguuni hana kitu. Ndara za buluu alikuwa ameziosha kwa sabuni na kuziegemeza dirishani zikauke. Kwa hesabu yake ni za ndani, kwa hivyo lazima ziwe safi kwa ajili ya kesho. Kwa akili ya chumba chetu hakuna hoja sahihi kuliko hiyo. Na alikuwa ameshikilia kitambaa kinachochuruzika, anainama kuelekea kwenye mfuniko wa friza ya katikati.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Akasimama. Nikamwambia atoke nje bila kugusa kitu. Nikaingia na viatu vyangu, na uchafu wote wa barabara, hadi mbele ya maziwa, nikazima soketi na kuchomoa plagi. Halafu nikasimama pale nikiwaza. Nikiondoka hivyo tu, itachomekwa tena kabla sijafika barabarani. Kadi itarudi kwenye droo. Nikachukua kisu tunachokatia kamba za mitungi, nikakata waya, plagi ikabaki mkononi mwangu.

"Kinya, umechizi?" Rukia akaniuliza kutoka mlangoni.

Nililia kidogo, niseme ukweli, na hilo ndilo lililomfanya aingie kunisaidia. Tukahamisha mitungi. Friza mbili zilimeza ilivyowezekana, na mingine ikabaki kwenye sakafu. Rukia ndiye aliyechagua ipi ibaki. Aliitoa ya mama yake, yote, akaipanga ukutani. Alisema hao wengine hawezi kuwaeleza, lakini mama yake ataweza. Kisha akavaa viatu vyake mlangoni akaondoka, na hakuniaga.

Nilimpigia Mama Habiba nikamweleza kila kitu, hata kisu. Aliuliza jambo moja tu.

"Rukia yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani."



"Kesho kuja mapema," akasema, akakata. Sijui ninaitwa kazini au ninaitwa kufutwa. Nimelirudia hilo neno mapema kichwani njia nzima na halijanipa maana. Plagi ninayo kwenye mkoba. Akina mama nitawaambia mimi, kama alivyosema, na sijui nitaanzia wapi. Ugali sijapika na njaa sina.

Nimemwandikia Rukia kwamba anisamehe kwa maziwa ya mama yake. Tiki zimegeuka buluu. Amesoma, na amekataa kujibu. Ninamjua alivyo. Saa hizi amekaa jikoni kwao, amenuna, anawaambia wadogo zake vile nimeharibika tangu niende semina.

Acha anune. Kesho tutagombana, mimi na yeye.