Ulipima Kapu, Ukaacha Kupima Risasi

Mdogo wangu uliye ng'ambo ya Ruvuma,

Huna haya hata kidogo. Mwanangu mkubwa ulimnywesha maji yako ya kugeuza risasi kuwa maji, akaziendea bunduki za Wadachi kifua wazi, hakurudi. Leo unatuma mtu aniambie nikuletee na mdogo wake, eti umepata dawa kali zaidi. Kali kumzidi nani? Wewe?

Unamkumbuka mama akisuka makapu? Alituuliza, "Kubwa linameza la kati, la kati linameza dogo. Je, kubwa litameza dogo?" Nikajibu palepale. Wewe ukayarukia makapu, ukawa unayatumbukiza, umekunja uso kama mganga. Mama alicheka mpaka mianzi ikamponyoka. "Mwanangu, hilo nalo la kupima? Akili inaliona hata ukifumba macho."

Lakini mbegu ngeni ikiletwa, mama huyohuyo hakuipeleka shambani. Aliiotesha kwanza kwenye kigae, nyuma ya jiko. "Mbegu haijulikani kwa kukaa na kuiwaza," alisema. Ulikuwepo. Ulikuwa unakula.

Basi siku ulipokuja na kibuyu chako nilikwambia, "Mnyweshe mbuzi wako kwanza. Gobore lipo, tumpige tuone." Ukanicheka mbele ya wanaume. "Dada, mbuzi wa nini? Moyo wangu unajua." Moyo! Moyo wako ulikuwa unataka tu, kama mtoto anavyotaka asali. Risasi haikuwa kapu, ewe mjinga. Ilikuwa mbegu ngeni, nawe uliipanda kwenye kifua cha mpwa wako.

Sikusema tusipigane. Wadachi walitufanya punda, na mimi mgongo wangu unawajua. Nilisema mbuzi mmoja tu. Ukamwonea huruma mbuzi.

Sasa maghala yamechomwa. Mjane wa marehemu anawachemshia wajukuu zangu mizizi, nami naichimba na kuibeba kwa lile kapu dogo ulilolipima. Bado zima. Nikilishika nakuona ulivyokuwa, mashavu yamejaa, na hasira inanipanda upya.

Mwanangu mdogo haji. Amekaa hapa mlangoni, anachonga mpini wa jembe.

Wewe kimwage hicho kibuyu chini, mbele ya hao unaowadanganya. Kisha vuka mto, uje ulime shamba la mpwa wako kabla mvua hazijaanza. Mpini huu ni wako.

Dada yako, mama wa marehemu