Ukuta wa Kanisa na Mdogo Wangu Hamisi

Mikindani, Jumatano, Machi 1955. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu haijatulia.

Nina wivu. Niliandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Umeniingia tangu mwaka jana wakati wa kiangazi, padri alipompa mdogo wangu Hamisi kazi ya kukarabati kanisa la mawe, akaniruka mimi. Mimi! Kanisa lile alilijenga marehemu baba. Sisi ni Waislamu, ndiyo, lakini wageni walipotaka nyumba isimame walimfuata fundi wa misikiti. Baba aliyachonga matumbawe yangali mabichi na laini. Kuta akazipa unene wa dhiraa mbili. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vyetu vyote vya mawe ni vyembamba. Padri wa wakati ule alitaka ukumbi mpana, basi baba akasimamisha safu mbili za nguzo, akaziunga kwa matao, boriti zikapata pa kulala. Chokaa yake aliilaza shimoni mwaka mzima kabla ya kuigusa.

Hamisi hayo hakuyakuta. Alikwenda Mtwara bandari ilipokuwa ikijengwa, kabla baba hajamfundisha chokaa, na baba akafariki yeye akiwa huko huko. Akarudi na saa ya mkononi na saruji. Wiki tatu tu, ukuta ukawa laini kama yai. Mji mzima Fundi Hamisi, Fundi Hamisi! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikajisemea. Hata mke wangu alisema ukuta unang'aa. Siku ile sikula kwangu.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya kwanza ya kazi nilipita pale, nikamkuta anachanganya saruji. Nilijua. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini kila masika. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani, na chumvi ikivimba humo lazima kitu kipasuke. Neno moja lingetosha. Aliinua uso akatabasamu, akaniuliza, "Kaka, waionaje?" Nikamjibu kazi njema, nikaenda zangu.

Nilikuwa nasubiri mvua.

Nayo imekuja. Jana saruji yote ya upande wa madhabahu iliporomoka, ikang'oa na jiwe la tao kubwa. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtu chini yake. Leo asubuhi padri akaniita. Mungu anisamehe, nilivaa kanzu safi kwenda kutazama aibu ya ndugu yangu.

Nilimkuta amechuchumaa, anaokota vipande kimoja kimoja kwa mkono. Mzee wa kanisa amemsimamia, anafoka. "Wewe umelipua kazi! Kwa nini hukuuliza waliokutangulia?"

Hamisi hakukasirika. "Mzee, kaka yangu alikuwa akipita hapa kila siku," alisema. "Ningekuwa nakosea angeniambia. Hii ni mvua tu, imezidi."

Halafu akanitazama nimuunge mkono. Hakuwa ananisuta, hata chembe. Afadhali angenisuta.

Wote wakanigeukia. Na mimi, mtoto wa fundi aliyesimamisha matao yale, nikafungua mdomo nikasema, "Kweli, mvua imezidi."

Padri akanipa kazi pale pale. Niliitamani miezi yote hii, na nilipoipata sikuifurahia. Kumbe kijicho hakimuumizi anayeonewa peke yake.

Tulirudi pamoja na mvua yetu. Hamisi alibeba mfuko wangu wa vifaa, nikimkatalia anang'ang'ania. Tulipofika mlangoni akaniomba jambo moja: awe saidia fundi wangu, hata bila malipo, nimfundishe chokaa kama baba alivyonifundisha. "Nimekuwa mjinga, kaka," alisema. Nikamwambia aje kesho.

Sasa nimekaa hapa, sijui nimeitikia nini. Nikikataa kumfundisha, nimemuua mara mbili. Nikimfundisha, siku ya kwanza tu nitalazimika kumweleza saruji huufanyia nini ukuta wa matumbawe. Hamisi si mpumbavu. Atasimamisha mwiko, atahesabu siku zote nilizopita pale, na atajua kwamba nilijua.

Nimwambie mwenyewe kabla hatujashika mwiko, au nimwache agundue akiwa juu ya ngazi?